Nyuki Wangu na Mitende ya Babu

Jumanne, 12 Machi
Leo nimeelimika! Mwalimu Zohra wa sayansi amewahutubia wakulima wa oasisi yetu ukumbini. Mimi nilifuata chai ya bure. Akasema dunia ina misitu ya mvua, nyika, majangwa na nchi za baridi zisizoota mti, na kila mahali viumbe hutegemeana. Hata kwetu: mtende humpa mkomamanga kivuli, mkomamanga humpa kitunguu, na mdudu naye ana kazi yake. Ana kazi yake! Sasa mimi nahangaika nini?

Maana Shangazi Mabrouka amenikabidhi bustani ya babu msimu huu. Tende zikikubali, ni yangu. Zikikataa, anapewa binamu yangu Laroussi, yule anayepanda mitende akiimba ili mji mzima ujue yuko juu. Na huu ndio msimu wa kukata maua ya mtende dume na kuyafunga ndani ya maua ya kila mtende jike, kwa mkono. Mimi na urefu hatupatani. Nikifika katikati, magoti yanaanza kusali.

Jumapili, 17 Machi
Nimempa Mzee Bechir, mfuga nyuki, kamba yangu ya kupandia na mundu, naye kanipa mzinga wa nyuki. Alinitazama sana. Wivu tu. Nyuki watabeba unga wa maua ya dume wawapelekee majike, nami nitakaa kivulini. Laroussi alichungulia ukutani akauliza kama nyuki wenyewe wamekubali kazi. Nikamwambia hii ni sayansi, yeye aendelee kuparamia miti kama nyani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi, 23 Machi
Wachapakazi, nyuki wangu! Mtende dume umejaa nyuki tangu asubuhi, wanatoka wamepakaa manjano mwili mzima. Nikawafuata kwa macho. Kutoka kwa dume, moja kwa moja mzingani. Kutoka mzingani, kwa dume. Majike hawakusalimiwa hata kwa bahati mbaya. Kumbe wanabeba unga kwenda kula kwao! Nikautikisa mzinga kuwakumbusha wajibu. Jicho la kushoto halifunguki.

Alhamisi, 4 Aprili
Laroussi kaja. Eti, "Wee Ferjani, acha ubishi. Maua ya majike yanazeeka. Nina maua ya dume ya akiba, nikupandie mitende niyafunge leo hii, shangazi hatajua." Roho ilitaka, sikatai. Lakini mbona alikuwa anatabasamu? Nikamwambia sadaka apeleke msikitini. Akaenda zake. Baada ya muda nikamsikia akiimba juu ya mtende wake. Sauti mbaya kabisa.

Jumamosi, 27 Aprili
Balaa! Unga haukuwafikia majike. Panapotakiwa tende moja, pana vijitunda vitatu vimeng'ang'aniana, vidogo kama kinyesi cha mbuzi. Na shangazi anakuja kesho! Nimeazima ngazi, nikapanda kila mtende jike, macho nimefumba, nikavisha kila shada gunia. Mikono imechunika yote. Lakini hakuna kinachoonekana. Akili ni mali.

Jumapili, 28 Aprili
Nikamweleza shangazi kwamba magunia ni kinga ya shomoro. Akauliza nani kayafunga kule juu. Nikajipiga kifua: mimi, peke yangu, kila mti! Akasema polepole, "Kumbe kupanda unaweza, mwanangu."

Laroussi, aliyekuja naye, akapanda akashusha gunia moja pamoja na shada lake. Shangazi akatazama vile vijitunda, akamkabidhi Laroussi ufunguo wa bustani palepale. Laroussi hakucheka hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Babu alinilea chini ya mitende ile. Nimelia kama mtoto.

Jumanne, 30 Aprili
Shangazi ana huruma. Kanipa mbuzi wake niwachunge, na kaapa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho kunikabidhi kitu chake.

Nimetafakari. Sayansi haikukosea, nyuki ndio walikuwa walafi. Nikaenda kwa Mwalimu Zohra kumuuliza kuhusu mbuzi. Akasema mbweha naye ana nafasi yake: hukamata wanyonge, wenye nguvu wakabaki na malisho ya kutosha wakanenepa. Nikamshukuru, nikaondoka kabla hajamaliza.

Mbuzi wa shangazi nimewakagua mmoja mmoja. Wote wana nguvu. Mlango wa zizi nimeuacha wazi, mbweha naye afanye kazi yake.