Ombi la Kuhamia Nyumbani kwa Kobe

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Kufuatilia Kobe wa Mtoni,

Natumaini u mzima, wewe na kobe wote ulionao. Sisi hatujambo, ila mtoto anaota meno na hatulali.

Nakuandikia kuhusu kobe wenu wa kijito cha nyuma ya nyumba yetu, yule mliyembandika kifaa gambani ili mjue anakokwenda. Najua wamebaki wachache, na kweli nawaonea huruma. Lakini tangu mtambo wenu uonyeshe kwamba amehamia kwetu, tumepatikana.

1. Fundi amesimamishwa kuezeka chumba cha mtoto, eti nyundo zitamtia kobe wasiwasi. Mvua ziko njiani, na mwanangu kifua chake si cha kupigwa na baridi. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

2. Nimekatazwa kufagia kwa nguvu. Nafagia taratibu mpaka majirani wananiita Bibi Harusi.

3. Kobe mwenyewe hatujamtia machoni. Tumeinua kitanda, tumefunua masufuria. Nilipomwambia mtaalamu wenu, akanijibu kwa upole, "Mama, mtambo haudanganyi. Mtazameni vizuri." Sasa mume wangu havai kiatu bila kukichungulia kwanza.

4. Ripoti yenu inasema kobe hulala kitandani kwetu, katikati. Asubuhi huenda bombani, jioni sokoni, na juzi alishinda kliniki. Mtaalamu amefurahi mno, anasema hajawahi kuona kobe mwenye mwendo huo. Mimi juzi nilikuwa kliniki hiyohiyo, na kwenye foleni sikumwona.

5. Kwa kuwa yeye amechukua kwetu, kwake kumebaki wazi. Kule kijitoni mmemwekea uzio, mlinzi, na kibao cha kukataza kelele. Hata kibanda cha mlinzi kina bati jipya. Basi naomba kwa heshima mimi, mume wangu, mama mkwe na mtoto tuhamie huko. Hatutavua samaki. Mkitaka kutubandika vifaa mgongoni hatuna neno, ila cha mtoto kiwe chepesi.

Nina imani utanisikiliza, maana anayehangaikia kobe hawezi kukosa huruma kwa mtoto. Nisalimie wote hapo ofisini, na dereva wenu, mwambie mwavuli wake aliusahau kwetu.

Ni mimi raia mwenzako,
Mama wa nyumba isiyo na paa, kando ya kijito

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, mama mkwe anamwogesha mtoto, akaniita. "Mwanangu, hebu soma hapa." Ni kile kidude cheusi ambacho mtoto hukitafuna meno yakimwasha, hakiachi hata nikimbeba mgongoni. Baba yake alikiokota kijitoni alipokwenda kuchota mchanga wa ujenzi, tukadhani ni cha redio. Kwa chini kina jina la ofisi yenu.

Kwa hiyo tusihamishwe tena, na fundi nimeshamwita. Ila roho yangu haijatulia: kama aliyekuwa kliniki ni mwanangu, kobe wenu yuko wapi siku zote hizi, na nani anamwangalia? Mume wangu ameshashuka kijitoni kumtafuta. Njooni mumsaidie, na tafadhali mje na kitu kingine cha kutafuna.