Chukua Moja, Ruka Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimesema uongo. Si mkubwa. Neno moja tu.

Jirani yangu mpya wa dawati, tunayemwita Miwani, aliniuliza ni nani aliyesuka bangili yangu ya shanga. Muhula mzima hakuna aliyeniuliza kitu zaidi ya rula. Tatizo, aliuliza kwa lugha ya darasani. Kwa lugha hiyo naandika insha mpaka mwalimu anazisoma mbele ya wenzangu. Kuisema ni habari nyingine. Na jibu la kweli lilikuwa refu: kwamba ni shangazi yangu, dada mdogo wa baba, anayeishi nasi, ndiye aliyeisuka. Sarufi peke yake ingenimaliza.

Nikasema: mimi.

Akafurahi. Akamwambia mwalimu wa sanaa. Mwalimu akasema basi Ijumaa nitawafundisha wenzangu kwenye klabu ya ufundi. Kiranja akaguna, akasema hilo hatalikosa.

Mama husema njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo maana niliichagua.

Jumanne, 4 Machi
Kumwomba Shangazi anifundishe haiwezekani. Kwanza, aliwahi kujitolea, nami nikamjibu kwamba shanga ni za watu wasio na masomo. Pili, Shangazi ni msusi wa nywele. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana kila kichwa pale saluni kinalo.

Kwa hiyo, upelelezi. Jioni alipotoka kazini akakaa kwenye kochi na kopo lake la shanga, anasema anapumzisha vidole. Nami nikaketi kiti cha mkabala, kitabu cha jiografia usoni. Nikachungulia. Kumbe si kazi: unatunga shanga kadhaa, kisha unarudi. Chukua moja, ruka moja, pitisha sindano kwenye inayofuata. Mtoto mdogo anaweza.

Nikaenda chumbani, nikatunga zangu, nikainua uzi juu nione uzuri wake. Zote zikateremkia upande wa pili, zikaingia chini ya kitanda. Mama akauliza mlio ule ni wa nini. Nikasema mvua. Akachungulia dirishani, akanitazama, akaenda zake.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua siri. Kabla ya yote, Shangazi hufunga shanga moja mkiani mwa uzi ili nyingine zisikimbie. Anaiita askari. Leo alikuwa akiisemesha: kaa hapo, askari, usinitie aibu. Kazi ikiisha, anaifungua na kuirudisha koponi. Kwenye bangili haionekani popote. Nimeifikiria sana shanga hiyo. Kuwa na kazi, kuwa karibu na wenzako, na usitazamwe na mtu. Ningeridhika nayo.

Ugunduzi wa pili ni wa kisomi zaidi. Sindano ya Shangazi iko kwenye mkono ulio upande wangu wa kulia. Mjinga angeiga hivyo hivyo. Mimi nimesoma. Mtu aliyekukabili, kulia kwako ni kushoto kwake. Maana yake shanga husukwa kwa mkono wa kushoto. Nikahamisha sindano.

Maumivu. Damu kidogo. Ila kila kazi ina miiko yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata kipande. Ni kidogo kama ukucha, lakini kimeshikana. Safu za mwanzo zinatisha: kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, lipo, halipo, lipo. Nilitaka kukitupa. Nikaendelea kwa uvivu wa kuanza upya, na safu iliyofuata ikaingia kwenye mapengo kana kwamba ilikuwa imealikwa. Nimekaa nikikitazama muda mrefu. Kumbe pengo halikuwa kosa. Lilikuwa nafasi ya mtu.

Mama alinikuta nakula wali kwa mkono uliofungwa bandeji. Hakuuliza. Sasa ananiogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefundisha. Nilisimama mbele ya watu na sauti ikatoka, ya wastani. Niliwaambia wafunge askari. Niliwaambia wahamishie sindano mkono wa kushoto. Kiranja akauliza kwa nini. Nikasema ndiyo asili ya kazi. Mwalimu wa sanaa akaandika hilo ubaoni.

Wakateseka. Kiranja alijichoma mara nyingi, na sitasema nilihuzunika. Mwalimu mwenyewe alikuwa anasuka huku ametoa ulimi. Shanga zilizagaa sakafuni, tukawa tunatembea kama kuku.

Mmoja tu aliweza. Miwani. Vidole vyake vilikwenda kama maji. Akaniinamia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni wa mkono wa kushoto tangu azaliwe, na kila alichowahi kufundishwa, kuanzia mkasi hadi kufunga kamba za viatu, aliambiwa anakishika vibaya. Leo ndiyo mara ya kwanza darasa zima linakosea na yeye anapatia. Aliyasema kwa lugha ya nyumbani.

Nilitaka kumwambia. Nikaokota shanga.

Ameomba aje kwetu kesho. Nimesema ndiyo. Nalo ni fupi.

Jumamosi, 8 Machi
Mpango: Shangazi awe saluni. Jumamosi hatoki huko kabla ya jioni. Miwani alifika, tukakaa kochini, nikashika sindano. Mlango ukafunguliwa. Shangazi. Saluni hakuna umeme.

Alisimama akanitazama mkono. Akaniuliza, mwanangu, mbona unasuka kama mtu anayempigia mswaki mtu mwingine? Nikasema ndivyo unavyofanya wewe. Akasema, mimi ni mashoto, wewe una ugonjwa gani? Akacheka mpaka akashika ukuta. Miaka yote tunakula naye meza moja, na kiwiko chake kinagongana na changu. Sikuwahi kujiuliza.

Miwani hakucheka. Alitazama mikono ya Shangazi, akatazama bangili. Akaniuliza ni nani aliyeisuka. Kwa lugha ya nyumbani, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha.

Nikasema: Shangazi.

Herufi chache tu zaidi. Ningeziweza tangu Jumatatu.

Miwani akasema bangili ilikuwa kisingizio tu cha kunisemesha. Angeweza hata kuniuliza saa. Shangazi akasema kuuliza si ujinga, na kwamba angenifundisha hata nikimwamsha usingizini. Halafu wakakaa pamoja, mashoto kwa mashoto, nami wakaniweka kiti cha mkabala. Shangazi akaniambia niige ninachokiona, kama kwenye kioo, niache usomi. Sindano ikarudi mkono wa kulia. Safu nzima bila damu.

Miwani amesema Jumatatu niwaambie wenzetu ukweli. Nimeahidi. Nimeandika sentensi kwa lugha ya darasani na kuikariri. Ni ndefu lakini haina kosa.

Jumatatu, 10 Machi
Nilisimama. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Mwalimu wa sanaa akanitazama, akasema sweta yangu ni nzuri, akauliza ni nani ameifuma. Ameifuma bibi, mzaa mama. Sikuwa nimeandaa sentensi ya bibi.

Nikasema: mimi.

Kiranja, bandeji tatu vidoleni, akasema afadhali ufumaji. Mwalimu akatangaza ni wiki ijayo. Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Wakati wa mapumziko nilidhani atahama dawati. Akakaa. Akaniuliza tu huyo bibi anakuja lini, maana hili anataka kuliona kwa macho yake.

Anakuja Jumamosi. Safari hii sina wasiwasi, nimeshajifunza: kaa mkabala, iga kama kioo, acha usomi. Nimemuuliza Mama, amethibitisha kwamba Bibi hutumia mkono wa kulia. Nikimkabili, huo utakuwa upande wangu wa kushoto.

Nimeanza mazoezi ya kushoto leo, mapema, nisije nikaaibika.