Nusu Yangu Iliyokwisha

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimerudi Ilula salama, Mungu asante! Asubuhi Dar nimemeza kidonge cha mionzi cha kutibu tezi ya shingo. Kidonge kidogo, manesi wakasimama mbali kama nimeshika nyoka. Mkwe wangu Asukile kaendesha gari, mimi siti ya nyuma kama kiongozi. Ila sharti: wiki mbili nisipakate mtoto mchanga. Na mjukuu wangu Anania ana mwezi mmoja tu! Tarehe 17 mama yake, binti yangu Mercy, anarudi naye Mbeya. Nitabakiwa na siku moja tu ya kumpakata. Nimelia kidogo chumba cha uani, nilikotengwa.

Jumatano, 4 Juni
Mama yake Asukile, Yusta, kaja toka Mbeya. Anamwogesha mjukuu wangu. Anaimba kwa sauti, makusudi! Lakini chai ananiletea mlangoni, anaisukuma kwa mwiko. Vikombe ananioshea. Nashukuru.

Ijumaa, 6 Juni
Nimejikinga kwa bati, nikaingia kwa mtoto. Asukile, mwalimu wa sayansi, akanirudisha kwa heshima. Eti mama, bati la kuezekea halizuii. Eti ndani ya dawa mna viini vidogo mno visivyotulia, kila kimoja kinatema mionzi kwa wakati wake, kisha kinatulia. Kama nyanya kwenye tenga, hujui ipi itaoza leo. Na haiambukizi kama mafua, karudia mara tatu. Yusta alikuwa gengeni, hakusikia. Mkwe mzuri huyu, Mungu amtunze.

Jumanne, 10 Juni
Nesi alisema kila siku nane dawa inabaki nusu. Leo ya nane! Nusu yangu imekwisha. Nikamwomba Mercy anipe mtoto bega la kushoto, nahisi ndilo lililokwisha. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mama, haigawanyiki hivyo. Akamnyanyua Anania dirishani, nikamwona anapiga miayo. Asante mwanangu.

Jumatatu, 16 Juni
Nimempakata! Toka alfajiri. Kanikojolea, nimeshukuru. Yusta akanyoosha mikono, eti nipe na mimi, kesho safari. Nikarudi nyuma. Nikamwambia kwa huruma: dada yangu, vile vikombe ulivyoosha, mionzi imekuingia. Wiki mbili usimguse mtoto, wala usipande naye gari moja! Akajishika shingo. Mercy akanitazama, akageuka, akaanza kutoa nguo za mtoto kwenye begi la safari. Asukile yuko Iringa mpaka Ijumaa.

Yusta kaenda mwenyewe chumba cha uani. Nimempelekea chai. Nimeisukuma kwa mwiko.