Dorayaki Zenye Chapa ya Nanga

Alhamisi, 18 Septemba
Msiba mtaani. Duka la mzee Inokuma, muuza dorayaki, limefungwa, magoti yamemgomea. Mama mkwe kalia kwenye simu: Jumanne tunawakumbuka marehemu wetu, na Baba, marehemu mumewe, hajawahi kukosa dorayaki zake madhabahuni. Vichapati viwili, maharagwe matamu katikati, basi. Mwanyumba wangu Mitsuhiko, aliyeoa mdogo wa mke wangu, akajitia kusema ataleta kitu cha maana. Nikadakia: nitapika mwenyewe, kwa mikono hii. Mama akaniomba nirudie, mara mbili. Furaha hiyo. Sadae, mke wangu, akaniuliza kama najua kikaango kinakaa kabati gani.

Sasa najua. Kanionyesha.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimeendesha lori nchi nzima, nimekula kila kinacholika na kisicholika. Kupika ni moto tu. Sadae akasema mafuta yapakwe kidogo, kisha yafutwe mpaka kikaango kikauke. Nani anapaka mafuta ili ayafute? Nikamimina. Vichapati vikatoka na madoadoa, chui mtupu. Urembo wa asili. Maharagwe nayo nikayatia sukari mapema, yanywe utamu yangali mabichi. Sadae akasema sukari ikiwahi hayaivi tena. Nikamwambia awe na imani.

Yamechemka mpaka jioni. Kokoto. Jino langu la dhahabu limelegea.

Jumamosi, 20 Septemba
Chakula hakitupwi. Na Mama lazima asikie sifa zangu kabla ya Jumanne. Akili ikafunguka: nigawe mtaani. Nikapasha moto bizimu ya mkanda wangu, ile yenye nanga, nikapiga chapa kila moja, mtu asije akasema ni za mwingine. Bi Chiyono wa jirani akaonja mbele yangu. Akatafuna. Akatafuna. Akasema, "Kaka Gonpei, ladha hii sijawahi kukutana nayo." Mzee Hirobumi akasema ni nzuri mno kwake, atawawekea wageni. Mtawa wa hekalu akapokea boksi zima kwa mikono miwili, akainama mpaka nikaona kisogo.

Jumatatu, 22 Septemba
Shukrani zimemiminika: Bi Chiyono kaleta biringanya, Hirobumi sabuni. Nikiendelea hivi sitaenda dukani tena.

Leo ndiyo nilikuwa nipike zenyewe za Baba. Nikabandika maharagwe, nikatoka uani mara moja kumsimulia Hirobumi siri za ufundi wangu. Siri ni nyingi. Moshi ukatufuata huko huko. Sufuria ya Sadae, aliyopewa na mama yake, imekwisha. Sadae kalifunga jiko kwa kufuli la baiskeli.

Ndani hakuna dorayaki hata moja. Baba alikuwa ananikatia nusu yake nyuma ya lori, daktari ameshamkataza sukari, tunakula kama wezi. Hakuwahi kunicheka. Kesho picha yake nitaitazamaje?

Jumanne, 23 Septemba
Mama kaja na maua. Mitsuhiko kaja na boksi, karatasi ya dhahabu, utepe. Kasema kapewa na bosi wake, zawadi ya heshima, hajathubutu kuifungua. Ikawekwa mbele ya picha ya Baba. Udi ukawashwa, tukainama. Kisha Mama akafungua.

Nanga. Na madoadoa.

Mama akauma. Meno yake ya bandia yakabaki kwenye dorayaki. Akayatazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Tangu tumzike Baba hatujamsikia hivyo. Akasema Baba naye walipooana alimpikia kokoto kama hizi, akaona haya, akazila zote mwenyewe kwa kuzilowesha kwenye chai. Akalowesha yake. Akaniwekea nusu mkononi. "Kula, mwanangu. Wewe umemrithi yeye."

Nikala. Chai ilikuwa ya moto, macho yakatoka machozi.

Lakini Mitsuhiko kaniibia chapa! Kaiga mpaka madoa. Sadae anasema bosi kapewa na mtawa, na mtawa kapewa na mimi. Maelezo marefu mno kuwa kweli. Na zake ni ngumu kuliko zangu, yeyote mwenye ulimi atakwambia.

Nimemwahidi Mama kwamba Mwaka Mpya nitatwanga mochi mwenyewe. Wali tu ule, unapondwa mpaka unanata. Nyundo ya mti nimeshaazima kwa Hirobumi. Kinu nitatumia sufuria ya Sadae, si imeshaharibika?