Dumu la Mawese Mstarini

Wenzangu tuliosoma pamoja, mnisamehe mwandiko, na mahali nilipokosea herufi rekebisheni wenyewe kichwani. Nimeandika kwenye daftari nikapiga picha, maana kwa simu neno moja linanichukua dakika nzima. Tena leo mikono inateleza. Mtaona kwa nini.

Nimeaibika. Kweupe, saa moja na nusu asubuhi, mbele ya shule nzima. Shule yetu ile ile ya Gungu!

Iko hivi. Chuo cha ufundi kilisema anayetaka nafasi ya useremala alete cheti halisi cha darasa la saba, mwisho leo saa sita mchana. Changu kilikuwa bado kwa Mwalimu Mkuu tangu tumalize. Miaka minne! Nilishakwenda kukifuata mara tatu, nikafika getini, nikageuka. (Mnanijua. Mimi hata "hodi" naifanyia mazoezi.)

Mama akaanza kwa kilugha chetu, "Mwana wanje, leo hugeuki. Na kwa mwalimu wako huendi mikono mitupu." Akanipa dumu la njano la lita tano, limejaa mawese, yale mazito mekundu aliyoletewa na shangazi kutoka Ilagala. Nikavaa nguo zangu nzuri, ambazo ni hizo hizo tu. Shati jeupe. Suruali ya bluu.

Ndiyo. Someni tena hizo rangi: sare ya shule yetu.

Nilipobakiza hatua kama kumi kufika getini, ile rimu ya lori wanayoigonga badala ya kengele ikalia. Ngo! Ngo! Ngo! Jamani, mimi sikukimbia. Miguu ndiyo iliyokimbia. Miaka saba ya kuogopa rimu ile haitoki mwilini kirahisi. Nikaingia mbio na dumu langu, nikakutana uso kwa uso na mwalimu wa zamu, kijana, amehamia juzi, simjui wala hanijui, fimbo kwapani.

"Wachelewaji! Chini!"

Magoti yakajikunja. (Sikuyatuma!)

Nikajikuta juu ya kokoto katikati ya watoto kama kumi na wawili, kila mmoja na kidumu chake cha maji, kama sisi zamani. Kando yangu binti mdogo, wa darasa la tatu hivi, ananikodolea macho.

"Kaka, wewe wa darasa la ngapi?"

"Nilishamaliza," nikanong'ona.

"Umemaliza nini?"

"Shule."

"Sasa mbona umepiga magoti?"

Swali zuri.

Mwalimu akafika kwangu. Mjue siku hizi shule imefurika. Wapo watoto waliovuka ziwa na wazazi wao wakikimbia vita, wakapokelewa na ndugu zao hapa mjini. Wengine wana ndevu kunizidi mimi, lakini wako la tano, kwa sababu ya miaka waliyoipoteza njiani. Wanakaa watano dawati moja. Sisi tulikaa wanne tukaona tunateswa! Kwa hiyo mwalimu alipoona mtu mkubwa asiyemjua, hakushangaa hata kidogo.

"Darasa?"

"La saba, mwalimu."

(Kwa nini? Kwa nini nilisema hivyo?!)

"Afadhali wewe umeleta dumu kubwa. Haya, simameni, mkamwage maji pipani, kisha mstarini!"

Pipa lenyewe liko mbele ya mstari, chini ya bendera, kila mtu analiona. Ndilo la kunawia shule nzima na kupigia deki, maana bomba limekauka. Wale watoto wakamwaga, chwaa, chwaa, wakakimbilia mstarini. Nikabaki mimi.

"Mwalimu, hili dumu..."

"Limefanya nini? Mwaga!"

Nilihitaji neno moja tu. Mawese. Herufi sita. Halikutoka. Nikafungua kifuniko nikainamisha dumu, na mawese nayo hayakutoka, kwa sababu asubuhi ilikuwa na baridi na yalikuwa yameganda.

"Mbona maji yako hayatoki? Tikisa!"

Nikatikisa.

Yakatoka. Blu! Blu! Blu! Donge baada ya donge, mekundu, mpaka la mwisho. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili.

"Nini hii?"

"Mawese, mwalimu."

"Mawese ya nini?!"

"Ya Mwalimu Mkuu."

Hapo shule ikalipuka. Yule binti alicheka mpaka akakaa chini.

Mwalimu Mkuu akatoka ofisini. Ni yule yule mama yetu, miwani imefungwa kamba. Akaniangalia. Akaliangalia pipa. Akaniangalia tena.

"Wewe si yule wa dawati la dirishani, aliyekuwa hasemi?"

"Ndiye, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ulimaliza zamani. Mstarini unafanya nini?"

"Nimefuata cheti."

"Na kwa nini hukumwambia mwalimu?"

"Alinitisha, mwalimu."

"Amekutisha wewe, mtu mzima?"

Watoto wakacheka upya. Nikaokota kijiti nianze kuyatoa yale mawese, angalau nionekane nafanya kitu.

"Usikoroge!" akapiga kelele. "Umezaliwa Kigoma kweli wewe? Yaache yaelee."

Akakunja mikono ya gauni, tukaanza kuyaengua kwa bakuli, mimi na yeye, huku jua linapanda na saa sita yangu inasogea. Hatujafika nusu, watoto wakaanza wimbo wa taifa. Tukasimama wima wote wawili, bakuli mkononi, mawese yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Shati jeupe, kumbukeni.

Tulipomaliza akaniita ofisini, akafungua kabati, akatoa cheti. Cheti changu! Kisafi, kimenyooka kama kilichapwa jana.

"Pokea."

Sasa, mwalimu wako akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili. Tulifundishwa hivyo, tena pale pale. Nikapokea kwa mikono miwili. Dole gumba moja kushoto, jingine kulia. Tukakitazama wote. Alama mbili nyekundu, kubwa, zinang'aa.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Nenda. Kabla hujakishika tena."

Nilifika chuoni saa tano na nusu kwa bodaboda, cheti nimekibana kwa ncha za kucha. Karani, mama mmoja mnene, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii nini?"

"Mawese!" Safari hii nilisema haraka, kabla hajaniambia nitikise chochote.

Akanusa. Kisha akavuta daftari akaandika jina langu.

"Vyeti vya wenzako vina muhuri mmoja," akasema. "Chako kina mitatu."

Nimepata nafasi, jamani. Nimerudi nyumbani, mama akauliza, "Mwalimu ameyapokea mawese?"

"Ameyapokea, mama. Shule nzima imeyapokea."

Bado hajajua. Atajua kesho sokoni. Nawaomba msicheke, au chekeni polepole. Na mniandikie, hata mstari mmoja: kuna mwingine kati yenu aliyemaliza shule ile, magoti yake yakabaki huko?