Mafuta Kwenye Ini Langu

Jumatatu, 1 Agosti 1983
Tumbo upande wa kulia limenisumbua wiki nzima, nikaenda hospitali ya misheni. Kuna daktari mgeni, kaja na mashine yake ya kupiga picha za ndani ya tumbo. Nimelazwa chali, nimepakwa kitu cha baridi kama uji, ini langu likatokea kwenye kioo. Nesi Imakulata akatafsiri: ini lina mafuta. Akaongeza habari za kuacha wanzuki, pombe yetu ya asali, na kutembea sana, ila hapo nilishaacha kusikiliza. Mafuta! Mwaka huu ambao kijiji kizima tunachemsha mboga kwa maji na chumvi. Picha nimepewa.

Jumatano, 3 Agosti
Jumamosi tunachagua mwuza duka la ushirika, na duka hilo nalitaka kufa na kupona. Mpinzani ni Masolwa, mtu ambaye mbavu zake unaziona hata akivaa koti. Nitaonyesha picha yangu. Aliyeshiba mpaka kwenye ini hawezi kudokoa sukari ya wananchi. Mke wangu Apolinaria anasema mafuta ya ini ni ugonjwa. Wivu tu. Lake halijapigwa picha.

Jumamosi, 6 Agosti
Nimesimama mkutanoni, nimeinua picha, nimetangaza mafuta yangu. Watu wakatazamana. Nikadhani wamevutiwa. Masolwa akaomba ruhusa kwa mwenyekiti, akauliza kwa upole: duka halijapata mafuta tangu Pasaka, sasa ndugu Alois ya kwake kayatoa wapi? Basi tena. Mara mlanguzi, mara mhujumu uchumi, mara kupe. Mgambo wakapekua nyumba yangu hadi chini ya kuku anayeatamia. Nimeogopa sana, siku hizi watu wanawekwa ndani kwa debe moja tu. Kwa bahati nzuri, Nesi Imakulata akaletwa kwa baiskeli. Akaeleza kuwa mafuta hayo hayakaangi kitu, yameletwa na wanzuki, na nisipoacha kunywa ini litaharibika. Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nimeachiwa. Duka kapewa Masolwa. Mimi, kwa vile daktari kasema nitembee, nimepangiwa kumwagilia vitalu vya tumbaku kule bondeni.

Jumatatu, 8 Agosti
Miguu inawaka moto, lakini moyo mweupe! Masolwa naye kaenda kupimwa. Anatamba dukani kwamba ini lake ni safi, halina kitu. Yaani duka tumemkabidhi mtu aliye mtupu mpaka ndani. Njaa ya namna hiyo haitabakiza hata sabuni. Nimeomba mkutano mwingine, na mwenyekiti kakubali, nadhani anataka kucheka tena. Apolinaria kanuna. Haidhuru. Napita kwanza kilabuni kunywa wanzuki, mafuta yasije yakapungua kabla ya mkutano.