Otmar Amepumzika kwa Amani Songwa

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimefika Songwa salama. Peke yangu! Begi, taulo, miwani ya jua, basi. Ushirombo nzima inajua Otmar, muuza pembejeo, hajawahi kwenda likizo. Sasa amekwenda. Na si likizo tu, ni mkakati. Anisia amechoka kusubiri nipeleke wazee kwao kumposa, na Paschal, mwalimu wa kwaya, ameanza kumbebea maji kutoka bombani. Ndoo kichwani, mwanamume mzima! Mimi sibebi ndoo. Mimi nitaadimika. Mbolea ikiadimika dukani, watu huipenda ghafla.

Nimepata chumba kwa Mama Swaumu, karibu na bwawa. Aliuliza kama nina kazi Mwadui, mgodini. Hapana. Kama nina msiba. Hapana, nimekuja kupumzika. Akauliza, kupumzika baada ya nini? Hawa hawajazoea utalii.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi nimelala kwenye mkeka ukingoni mwa bwawa. Mchana nimegeukia upande wa pili. Ng'ombe walikuja kunywa maji, mmoja akatafuna taulo langu. Mchungaji wao, mzee Ngusa, alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwadela," akaniangalia sana, akasema mjini kuna zahanati nzuri.

Jioni nikakamilisha mkakati. Nikajilaza chali, macho nimefumba, mikono kifuani, shuka jeupe hadi kidevuni kwa sababu ya upepo. Mama Swaumu akapiga picha. Nikaituma kwenye kundi la simu la jumuiya yetu, na maneno ya heshima, kama watu wakubwa wanavyojitaja: "Otmar amepumzika kwa amani, Songwa." Mama Swaumu akasoma, akaguna, akauliza kama nimeyafikiria maneno hayo. Nikamjulisha kuwa Kiswahili nilifaulu vizuri sana. Kisha nikazima simu. Anisia anikose kidogo!

Jumatano, 9 Julai

Simu bado nimeizima. Namwona kabisa Anisia, simu mkononi, anahema. Upweke ni mtamu. Nimekula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Nimezungumza na kanga wa Mama Swaumu, nikawaeleza mkakati wote. Wanasikiliza vizuri, kasoro mmoja.

Alhamisi, 10 Julai

Nilikuwa naoga bwawani nikasikia wimbo. Sauti nzuri, ya huzuni. Ya Paschal! Pikapu ikasimama mbele ya nyumba, imejaa watu wa jumuiya, na katikati yao jeneza. Mama yangu ameshikwa huku na huku. Baba mdogo Magesa akashuka, akavua kofia, akamwambia Mama Swaumu kwamba wamekuja kuchukua mwili.

"Mwili uko bwawani," Mama Swaumu akajibu huku anakoroga mboga. "Unaoga."

Nikatokeza na taulo lililotafunwa. Kwaya ikatawanyika. Dereva akaingia chini ya pikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema mama, akanigusa mashavu yote mawili, akalia, kisha akanizaba kibao.

Jeneza fupi! Nikauliza nani alitoa vipimo. Paschal. Nilijua.

Macho ya Anisia yalikuwa yamevimba. Moyoni nikashangilia: mkakati umefanya kazi! Akanivuta pembeni.

"Otmar, nimelia mbele ya watu wote. Nimemwambia mama yako kwamba ningekuwa mkwe wake. Sasa Jumapili baada ya misa ulete wazee nyumbani. Usipotokea, mimi nitahesabu tumekuzika kweli."

Sauti ilimtetemeka. Mapenzi hayo!

Ijumaa, 11 Julai

Tumerudi. Pikapuni hapakuwa na nafasi, nikakaa juu ya jeneza. Kahama watu walisimama kando ya barabara kwa heshima, nikawapungia mkono. Mama mmoja akakimbia akaacha viatu.

Nyumbani waombolezaji walikuwa bado uani. Ng'ombe alishachinjwa, kwa hiyo wakala. Mama hasemi nami. Nilimwomba Paschal aimbe ule wimbo alionitungia. Mzuri, ila hautaji urefu wangu. Nikamshauri arekebishe.

Jumapili, 13 Julai

Misa imekwisha. Baba mdogo Magesa na wazee wameshatangulia kwa kina Anisia. Mimi nimebaki kwanza. Mwanamume akiwahi anaonekana ana njaa. Wakae, waulizane, watazame mlango. Nikiingia, nyumba nzima itashusha pumzi.

Paschal amepita hapa, amenyoa, ananukia. Kasema Anisia ameanza kuuliza niko wapi. Safi kabisa! Nikamwomba aende akakae kwenye kiti changu, awachangamshe mpaka nifike. Amekubali papo hapo. Akasema kwa nafasi kama hiyo shati peke yake halitoshi, nikamwazima koti langu la suti. Limemkaa vizuri.

Kijana msikivu sana. Mimi nalala kidogo.